Ombi la Kupiga Marufuku Bunduki Zinazolenga Sawasawa

Nyumba ya Mwisho,
Njia ya Kanisani,
Ravensgill, Yorkshire.
Jumamosi asubuhi, Oktoba.

Kwa Bi. Lorna Metcalfe,
Mwenyekiti,
Klabu ya Walenga Shabaha ya Ravensgill.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: BUNDUKI YANGU MPYA, AMBAYO HAINA KASORO YOYOTE

Salamu nyingi. Natumaini mafua yaliyokushika Jumapili yamekwisha na kwamba mbwa wako ameacha kuchechemea. Mimi mwilini sijambo. Kwa mengine yote nina malalamiko, na kwa kuwa wewe ndiye mwenyekiti, tena ndiye uliyelianzisha jambo lenyewe, nimeona niyalete kwako kwa utaratibu na kwa namba, kamati isije ikasema haikunielewa.

Kwa faida ya wajumbe wapya, mimi ni Edmund Sugden, mwalimu mstaafu wa jiografia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikija msituni kwenu kila Jumapili pamoja na shemeji yangu Cyril Hardcastle, kaka wa mke wangu Muriel, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa na bucha pale sokoni. Tulikuja na bunduki zetu za hewa za zamani, zile za springi, zenye vitako vya mti wa jozi vilivyong'arishwa kama kabati la bibi. Tulikaa chini juu ya mito yetu, tukawalenga panya, kunguru na sungura wa chuma mnaowasimamisha kati ya miti, na tukawakosa. Kila mnyama ana tundu kifuani, dogo kama kifungo cha koti. Risasi ikipita tunduni, anaanguka. Ikimgonga pembeni, analia "ti" na kuendelea kukutazama. Tumetazamwa sana, mimi na Cyril.

Mwisho wa kila shindano jina la chini kabisa ubaoni lilikuwa langu au lake, na mwenye jina hilo ndiye aliyeosha vikombe. Baada ya hapo tuliketi kibandani na mikate yetu ya nyama ya nguruwe, chai nyeusi kama buti, tukaelezana kwa nini. Cyril alilaumu springi. Mimi nililaumu unyevu, kisha mti fulani, kisha kondoo wa upande wa pili wa ukuta ambao walikohoa kwa makusudi. Kuna kunguru mmoja alisalimika majira ya baridi, tukawa bado tunamweleza wakati wa Pasaka. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na sikuwahi kusikia mtu akiyalalamikia. Sasa nayalalamikia yaliyokuja baadaye, kama ifuatavyo:

1. Kwamba kisingizio changu ulikichukua kama ombi.

Ilikuwa Jumapili ya mvua. Nilikuwa nimemkosa sungura aliyekaa karibu kiasi kwamba ningeweza kumrushia kofia. Nikasema, kama anavyosema mstaarabu yeyote, kwamba ningekuwa na bunduki nyingine sungura yule angekuwa chini. Sikuwa na nia yoyote. Mtu akikwambia leo baridi kali, hataki umletee jua, anataka umwambie ndiyo, ni kali. Wewe, badala ya kutikisa kichwa kwa huruma kama desturi yetu ilivyo, ulisema mbele ya watu, tena kwa upole: "Basi Edmund, kanunue inayolenga sawasawa."

Nilimtazama Cyril, Cyril akatazama kikombe chake. Kuanzia hapo nilikuwa nimebanwa. Nikinunua, nitaaibika siku nitakayokosa. Nisiponunua, nimekwisha kukiri kwamba kasoro ni mimi.

2. Kwamba wanachama wako wanajua mengi kuliko inavyofaa, na hawana choyo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hakuna hata mmoja wao aliyenikumbusha. Kila niliyemuuliza alinivuta kando kana kwamba ananipa habari za msiba, akanishauri. Mmoja aliniambia niachane na springi, kwa sababu springi inaporuka bunduki nayo inaruka, na risasi bado haijatoka mtutuni. Ninunue ya hewa iliyoshindiliwa, inayojazwa kwa mtungi kama wa wapiga mbizi, ambayo hutulia begani kama paka aliyeshiba. Mwingine alisema nichukue mtutu wa tundu dogo, kwa kuwa risasi ndogo huruka bila kushuka sana, hivyo nikikosea kukadiria umbali sitaadhibiwa vikali. Wa tatu akasema yote hayo ni bure kama kitako hakinitoshi: nifumbe macho, niiweke bunduki begani, nifumbue, na kama jicho halipo tayari katikati ya darubini ya kulengea bila kupinda shingo, niirudishe dukani. Wa nne alizungumzia darubini peke yake tangu chai mpaka giza. Mke wake alikuja kumchukua.

Nilipouliza ipi basi ina nguvu zaidi, walicheka. Nguvu, wakasema, sheria imekwisha kuipima, zote ziko sawa. Kinachotafutwa ni inayorudia: ilichofanya kwa risasi ya kwanza ifanye na kwa ya mwisho.

Tulizunguka madukani miezi. Nasema tulizunguka kwa sababu Cyril alinisindikiza kila mahali, akibeba chupa ya chai, mwenye furaha kuliko nilivyomwona tangu afunge bucha. Kila bunduki niliyoishika aliikuta na ila. Hii nzito, ile nyepesi, hii kifyatulio chake kinaondoka hata ukikifikiria. Aliamini sitanunua. Nami, nikisema kweli, niliamini hivyo hivyo. Tulikuwa tumepata namna mpya ya kukosa, tena mahali penye paa.

Kisha, kwenye duka moja nje ya Skipton, nikaishika hiyo niliyo nayo. Haina mti hata kidogo. Ni ya chuma cha buluu, ina skrubu kila kiungo, kitako chake kinapanda na kushuka, na chini ya tumbo ina kibao cha kuiweka juu ya goti. Cyril aliizunguka mara moja, akauliza: "Shemeji, hiyo ni bunduki au kitanda cha hospitali?" Nikacheka. Lakini nilikuwa nimeshafumba macho na kufumbua, na jicho lilikuwa limeshafika.

3. Kwamba ilipiga tundu moja.

Muuzaji alituruhusu tuijaribu uwanjani kwake nyuma ya duka, ikiwa imelazwa juu ya mfuko wa mchanga ili mikono yangu isiingilie. Alileta makopo kadhaa ya risasi, akasema kila mtutu una ulimi wake, risasi hizi utazila, hizi utazitema. Makopo ya kwanza ulitema kweli, risasi zikatawanyika kama punje za kulishia kuku, nikaona uso wa Cyril unachangamka. Kisha tukafungua kopo lingine. Nilifyatua mpaka nikachoka, tukaenda kuitazama karatasi ya shabaha. Ilikuwa na tundu moja.

Cyril alinishika bega kwa upendo. "Pole, shemeji," alisema. "Moja imeingia. Nyingine zitakuwa zimekwenda kwa majirani."

Muuzaji alitoa penseli sikioni, akaipitisha kwenye lile tundu, ikajaa kama kidole kwenye pete. Akasema hakuna kilichokwenda kwa majirani, zote zimepita hapo hapo.

Cyril aliutoa mkono wake begani kwangu. Njiani kurudi hakufungua chupa ya chai. Bunduki niliinunua, ila bei yake sitaitaja, maana Muriel ana tabia ya kusoma barua zangu kabla hazijapelekwa.

4. Kwamba imeninyang'anya maneno.

Jumapili ya kwanza nilimkosa panya. Nikafungua kinywa nieleze, na watu wote wakageuka kunisikiliza, kwa adabu, wakisubiri. Hakuna kilichotoka.

5. Kwamba, baada ya hapo, nimeanza kupiga.

Hili ndilo lililoniumiza zaidi, kwa hiyo naomba kamati ilisome taratibu. Mtu asiye na kisingizio hubaki na kazi moja tu, kujifunza. Nimefundisha pepo za dunia maisha yangu yote. Ningeweza kukuchorea ubaoni, nikiwa usingizini, upepo unatoka wapi kwenda wapi katika bahari yoyote unayotaka. Lakini kijiupepo kinachopita kati ya miti miwili ya Ravensgill na kuisogeza risasi upana wa ukucha sikuwahi kukidhania, kwa sababu bunduki yangu ya zamani ilikuwa na mambo yake mengine ya kunisogezea. Sasa nilikaa chini, nikatazama majani ya upupu yanainama upande gani, nikazungusha gurudumu la darubini mpaka manyoya ya kutu ya kunguru mmoja yakaonekana wazi, nikasoma umbali kwenye gurudumu hilo, nikalenga pembeni kidogo, nikafyatua. Akaanguka.

Sitakudanganya, Mheshimiwa. Moyo wangu ulipaa. Nilivuta kamba kumsimamisha tena, kisha nikageuka kama nilivyogeuka kila Jumapili ya maisha yangu, nimtazame Cyril. Alikuwa anapiga makofi. Makofi mazuri, ya taratibu, kama ya mtu aliyeko stesheni anayeagana na treni.

Siku hiyo jina langu lilikuwa katikati ya ubao. La chini lilikuwa la Cyril, na Jumapili iliyofuata vivyo hivyo, na ile nyingine. Aliosha vikombe peke yake. Nilipochukua kitambaa nimsaidie kukausha, mmoja wenu aliniita nje nikapigwe picha na walioshika nafasi nzuri. Nami nikaenda.

6. Kwamba wanaopiga hawana hadithi.

Nimekaa nao kibandani sasa, kwa hiyo najua. Unamuuliza mtu shindano lilikwendaje, anakutajia namba. Unamuuliza habari za kunguru wa mbali, anasema alianguka. Alianguka, basi, mazungumzo yamekwisha, mtu anatafuna mkate wake. Kunguru wangu na Cyril alituchukua majira ya baridi yote na hakuanguka mpaka leo.

7. Kwamba shemeji yangu haji tena.

Kwanza alisema ni magoti. Jumapili iliyofuata alisema ana mgeni. Kisha akaacha kusema. Hata chakula cha mchana cha Jumapili, ambacho hajawahi kukikosa tangu nimwoe dada yake, akawa anampigia Muriel simu na kumwambia ameshakula. Muriel aliendelea kumwekea sahani. Wiki ya tatu aliitoa ile sahani mezani, akairudisha kabatini, akaniambia bila kupandisha sauti: "Edmund, nina kaka mmoja. Bunduki zipo dukani tele."

Jumatano iliyopita nilikwenda kwake na bunduki begani. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nilimwambia nimekuja kumwazima, aitumie atakavyo, na kama atapenda nitamsaidia achague yake, ujuzi wote wa kuchagua sasa ninao. Alikuwa bustanini anang'oa viazi. Hakusimama.

"Shemeji," alisema, "kupiga naweza kujifunza. Umejifunza wewe, sembuse mimi. Lakini wa kukosa naye nitampata wapi?"

Nilikaa pembeni ya tuta mpaka suruali ikaloa. Mwishowe niliiegemeza bunduki kwenye mlango wa banda lake, nikaweka kopo la risasi juu ya dirisha, nikaondoka.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kutokana na hayo saba naomba yafuatayo, na nayaomba kwa heshima zote.

Kwanza, klabu ipige marufuku bunduki zinazolenga sawasawa. Kamati ikague kila bunduki langoni, na yoyote itakayopiga tundu moja mara mbili mfululizo ipelekwe kwa fundi ikapindwe kidogo, kwa gharama ya klabu.

Kama hilo ni gumu, basi itengwe sehemu moja msituni, pale penye upupu panafaa, iwe ya bunduki zilizothibitishwa kuwa mbovu. Wanachama wa sehemu hiyo wapewe beji.

Na kama hilo nalo kamati italiona gumu, naomba kila atakayekosa apewe cheti chenye muhuri wa klabu, kinachosema kwamba saa hiyo kulikuwa na upepo. Mimi mwenyewe, kwa elimu yangu, niko tayari kuwa ofisa wa upepo. Sitadai malipo.

Nikikataliwa yote matatu sitakuwa na njia ila kumwandikia mbunge wetu. Serikali ya nchi hii iliona mbali ilipoweka kikomo cha nguvu ya bunduki za hewa. Nashangaa haikuweka kikomo cha usahihi. Nguvu huvunja vioo, na kioo unamwita fundi anakuja. Undugu hauna fundi, na uliovunjika nyumbani kwangu haukuvunjwa na nguvu, ulivunjwa na tundu moja la penseli. Bunge likishindwa, nitaliandikia kanisa, kwa kuwa sioni tofauti kati ya jambo hili na mti wa katikati ya bustani ya Edeni: tulikuwa wawili, tulikuwa na furaha, tukashauriwa tupate maarifa.

Naomba majibu kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, maana kuna shindano.

Nisalimie wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule bwana wa darubini na mke wake mvumilivu. Wasalimie wanaokaanga nyama kibandani na uwaambie sina ugomvi nao. Msalimie mbwa. Na kama kondoo bado wako ukutani, wasalimie pia, kwa niaba yangu na ya Cyril, na waambie tuliwasingizia.

Mimi niliye mwanachama wako mtiifu, anayepiga siku hizi, kwa masikitiko,

Edmund Sugden.

Nyongeza: Imebidi niichane bahasha. Nilikuwa nimeshailamba Cyril alipogonga mlango wa jikoni, ameikumbatia bunduki kwa mikono miwili, uso wake kama wa mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Hakusalimia. Alisema: "Shemeji, bunduki yako inavuta kushoto."

Nilimwambia haiwezekani. Akasema tangu Alhamisi analipiga gogo lake kuukuu la kukatia nyama, la enzi za bucha, na risasi zote zinakwenda kushoto. Nikasema huo ni upepo. Akasema bustani yake ina ukuta mrefu, upepo ukitaka kuingia hubisha hodi. Nikasema basi ni bega lake. Akasema bega lake limebeba nusu ng'ombe maisha yake yote na hakuna ng'ombe aliyelalamika kuvutwa kushoto. Nilishikwa na hasira za kweli, Mheshimiwa. Kuchagua bunduki ile kumenichukua miezi. Najua kila skrubu yake. Tulitoka nje, nikabandika karatasi, nikakaa kwenye mto wangu nikapiga, zikapita zote tundu moja. Cyril aliichukua karatasi, akaizungusha, akaitazama kwenye mwanga, akasema imekatwa upogo, pande zake hazilingani.

Sasa hivi ninavyoandika yuko hapa mezani, anamweleza Muriel habari za karatasi. Hadithi imeshafika kwenye kiwanda walikoitengeneza. Muriel amemwekea sahani bila kumuuliza kama ameshakula.

Kwa hiyo naomba barua hii usiifikishe kwenye kamati, na kila bunduki ibaki ilivyo. Utuandike majina yote mawili kwa shindano la Jumapili hiyo. Tutapokezana hiyo moja mpaka Cyril apate ya kwake. Ameshaanza kuchagua, anasema ya kwake haitavuta popote, na wiki ijayo namsindikiza Skipton. Nina ombi dogo moja tu lililobaki. Ukimwona, kwa cheo chako, mwambie kwamba bunduki ile haivuti kushoto. Ila usimwambie kwa namna itakayomfanya aamini.

E.S.